Kichanja Kinachojifunika

Salme Saleh alizaliwa Kaloleni, mjini Kisumu, ila riziki yake ilikuwa Ogal, ufuoni mwa ziwa. Kila asubuhi alinunua omena, dagaa wadogo wa ziwani, kutoka kwa mashua zilizorudi, akazianika, na zilipokauka akawauzia wachuuzi wa mjini. Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Omena zinataka jua la siku moja. Mvua ikinyesha kabla hujazifunika zinaoza, na zikioza hazinunuliwi ila na wenye kuku, kwa bei ya kutupa. Ndiyo maana mwanamke wa omena habanduki ufuoni. Hata akiugua, anaugulia hapo hapo kando ya samaki wake, macho mawinguni.

Siku alipomzika mumewe, Salme alibanduka. Majirani wote wa ufuoni walimsindikiza mpaka mjini kwenye mazishi, Awuor akiwa mbele yao. Awuor na Salme walikuwa wameanika bega kwa bega tangu watoto wao wakibebwa mgongoni. Watu wakiwa bado mazishini, mvua ikapiga upande wa Ogal. Waliporudi walikuta omena za ufuo mzima zimekuwa uji. Hakuna aliyemlaumu mjane. Awuor alimshika mkono, akamgeuza uso upande wa nyumba, akimwita kwa Kiluo mama wa Safa.

"Min Safa, usiangalie. Ingia ndani, tutazoa sisi."

Alikaa eda humo ndani, kama dini yake ilivyomtaka, na kwa kuwa hakuwa na pa kwenda alitazama dirishani. Mvua za msimu ule zilikuja bila mpango. Aliwaona wenzake wakitimua mbio na maturubai, wengine wakianguka matopeni, mmoja akiwa na mimba kubwa. Kila mara walichelewa kidogo tu. Akaanza kujiuliza: mvua inafanya nini ambacho jua na upepo havifanyi? Jibu lilimjia akikoroga chai. Mvua inayeyusha.

Eda ilipokwisha, alikwenda Mamboleo kwa Chege, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa Nyeri aliyeishi Kisumu mpaka akaota mizizi. Alimchorea sakafuni kwa kipande cha chaki. Kichanja cha wavu, juu yake nyaya mbili, na turubai lililokunjwa upande mmoja kama pazia. Kamba ya turubai inafungwa kwenye gunia dogo la mchanga linaloning'inia. Gunia linazuiwa na ndoano, na ndoano inazuiwa na kitu kinachoyeyuka. Mvua ikinyesha kitu kinayeyuka, ndoano inafyatuka, gunia linaanguka, turubai linavutwa mpaka mwisho.

Chege aliutazama mchoro kwa muda, akakuna kidevu. "Hicho kitu kinachoyeyuka ni nini?"

"Sukari nguru."

Sukari nguru ililiwa na sisimizi. Turubai likajifunga saa sita mchana, jua likiwaka, na ufuo mzima ukacheka hadi machozi. Salme alicheka pia. Kisha akajaribu chumvi. Aliikandamiza ndani ya vifuniko vya soda na kuianika mpaka ikawa ngumu kama jiwe. Alijaribu tena na tena, akibadilisha unene wake, na Chege naye akibadilisha ndoano, mpaka siku moja mvua ikaja Salme akiwa amekaa kibarazani kwake, mikono mapajani, kwa makusudi. Wenzake walikuwa wakikimbia. Yeye alikaa tu. Matone makubwa yalianza kupiga, pakasikika "tak!" na turubai likateleza juu ya samaki wake taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto.

Wanawake walisimama mvuani wakitazama. Awuor ndiye aliyeanza kupiga vigelegele.

Safa, bintiye wa pekee, alikuwa akisoma Chuo cha Maseno na siku hiyo alikuwa nyumbani. Alimwomba mama yake arudie, safari hii kwa ndoo ya maji, akampiga video kwa simu. Katika video hiyo Salme anasimama kando ya kichanja, mtandio wake umelowa, anaangalia kamera kwa aibu na kusema: "Naitwa Salme Saleh, wa Ogal. Hiki nimekitengeneza mwenyewe." Halafu anaonyesha kila kitu, chumvi, ndoano, gunia, kamba. Safa aliituma kwenye ukurasa wake usiku huo huo, na maneno juu yake: Mamangu ni injinia.

Ilisambaa kuliko walivyotarajia. Watu wa Homa Bay waliandika, wa Mwanza waliandika, mtu mmoja kutoka Malawi akauliza kama kinauzwa. Salme alikuwa akisomewa maoni na bintiye kwenye simu, akicheka kama msichana. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka namna hiyo tangu amzike mumewe.

Baada ya wiki chache akaja Cliff.

Cliff alikuwa kijana nadhifu, mwenye sauti ya chini, aliyetumwa na kampuni moja ya vifaa vya kilimo na uvuvi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, jambo ambalo Salme alilipenda. Alikunywa chai. Alisema kampuni yake imeiona video na inataka kushirikiana naye, iviunde vichanja hivyo kwa wingi, jina lake likiwa juu ya kila kimoja.

"Lakini kwanza lazima tukilinde, Mama," alisema. "Kuna kitu kinaitwa hataza. Serikali inakuandikia kwamba ubunifu huu ni wako, mtu mwingine asiuige. Bila hataza utaibiwa mchana kweupe."

"Na inapatikana wapi?"

"Nairobi. Ni mambo ya makaratasi na mawakili, usijisumbue nayo. Wanasheria wetu watakufanyia yote. Wewe ninachokuomba ni kimoja tu: usimwendee mtu mwingine. Haya mambo yanataka utulivu."

Salme alituliza moyo. Cliff alikuja tena na mhandisi, wakapima kila chuma. Walimuuliza kuhusu chumvi, akawaeleza. Kila alipopiga simu kuuliza hataza imefika wapi, Cliff alimjibu kwa upole: wanasheria wanamalizia, tungoje Pasaka ipite, tungoje mwaka mpya wa kampuni, bosi yuko safarini. Hakuwahi kumkatia simu. Siku ya Idi alimtumia salamu. Safa alisema mara moja, "Mama, si tuulize mtu mwingine tu?" na Salme akamkemea kwamba mtu mwenye adabu vile hawezi kuvunja ahadi. Mwaka ukaisha hivyo, ukazidi kidogo. Kisha Cliff akaacha kupokea simu.

Aliyemwonyesha ukweli alikuwa Chege, naye hakupenda kumwonyesha. Salme alikuwa amekwenda Mamboleo kutengenezewa ndoano iliyopinda. Alipoingia uani kwa fundi alikuta vichanja vimepangwa mpaka kwenye uzio, vyote vipya, vyote vimepakwa rangi ya bluu. Nyaya mbili juu, ndoano pembeni. Kila kimoja kilikuwa na kibati chenye jina la kampuni ya Cliff, na hapakuwa na jina jingine.

Chege alizima mashine yake na kuvua miwani ya kuchomelea. Alimngoja Salme azunguke ua wote.

"Walikuja na mchoro wao, Mama Safa," alisema mwishowe. "Nilipoufungua nikajua ni kichanja chako. Niliwaambia. Wakaniambia mmeelewana."

"Nawe ukaamini?"

Chege aliangalia mikono yake. "Sikuamini sana. Lakini ningekataa wangempelekea fundi mwingine, na hapa kulikuwa hakuna kazi tangu mwaka jana. Nina watoto shule."

Salme alitaka kumtukana. Alifungua mdomo, akamwona fundi aliyekaa naye sakafuni na chaki, waliyecheka naye juu ya sisimizi, akakosa pa kuanzia. Aliondoka na ndoano yake iliyopinda.

Awuor alikuwa na mjomba aliyemjua wakili mjini anayeshughulika na mambo ya hataza, mtu wa Bungoma aitwaye Wanyonyi. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la vitambaa, na feni ilikuwa imeharibika. Salme alikwenda peke yake kwa kuwa Safa alikuwa kwenye mitihani. Alieleza yote tangu dirisha la eda mpaka ua wa Chege. Wanyonyi alisikiliza vizuri. Hakumkatiza. Kisha akaomba kuiona video, na akaitazama mara mbili, mara ya pili akiwa ameinamia tarehe iliyoandikwa chini yake.

"Bi. Salme, ulitia sahihi karatasi yoyote na hawa watu?"

"Hapana. Walisema wataleta."

"Na kabla ya video hii, ulipeleka ombi lolote Nairobi? Hata la kuanzia?"

"Cliff alisema wanasheria wao wanapeleka."

Wanyonyi aliweka simu mezani polepole. "Nitakwambia sheria ilivyo, halafu utanichukia kidogo. Hataza hupewa kitu kipya, ambacho dunia haijakiona. Ukikionyesha mwenyewe hadharani, sheria yetu inakuvumilia miezi kumi na miwili. Ndani ya miezi hiyo unaweza bado kuomba. Ikipita, kitu kile si kipya tena. Hata wewe uliyekibuni hupewi. Kinakuwa cha watu wote."

"Watu wote ni akina nani?"

"Wewe, mimi, Cliff. Yeyote mwenye chuma na mashine."

Salme aliigeuza kauli hiyo kichwani. Chini barabarani mtu alikuwa akiita abiria wa Bondo kwa sauti iliyokauka. "Kwa hiyo alipokuwa akiniambia ningoje..."

"Sijui alichokuwa nacho moyoni, na mahakamani siwezi kusema ninachokifikiri. Kampuni haikuomba hataza kwa jina lake. Mjomba wa Awuor alinitajia jina lao kabla hujaja. Nimeangalia. Kama ingeomba kwa kitu chako tungekuwa na pa kuishika. Ilingoja tu tarehe ipite, ikaanza kuunda. Hilo si wizi kisheria."

"Kwa hiyo kilichoniua ni hii video."

"Video, na kungoja. Vyote viwili." Wanyonyi alimrudishia simu. "Lakini nisikilize sana hapa. Usiifute. Waambie wenye ukurasa wasiifute. Haiwezi kukupa hataza, ila ndiyo inayosema kwa tarehe na kwa sauti yako kwamba wewe ulitangulia. Kampuni kama hizi zinaogopa magazeti kuliko zinavyoogopa mahakama. Tukiwa nayo naweza kuwaandikia, pengine wakakubali kuweka jina lako pale kwenye kibati. Ni kidogo, najua."

Salme alishukuru, akashuka ngazi. Barabarani jua lilimpiga usoni na simu ikalia. Alikuwa Safa, ametoka kwenye chumba cha mtihani, sauti yake ina haraka ya matumaini.

"Mama! Wakili amesemaje?"

Laiti angengoja afike nyumbani. Laiti angekaa hata kwenye kivuli cha duka, akapumua. Lakini hasira aliyoshindwa kuimwaga kwa Chege, na ambayo Cliff hakuwepo kuipokea, ilimtoka hapo hapo katikati ya watu.

"Amesema ni hiyo video yako! Hiyo video yako ndiyo iliyotuua! Usingeiweka, kitu changu kingekuwa changu mpaka leo!"

"Mama, mimi sikujua..."

"Hukujua! Na mimi nitakula hukujua?"

Akakata. Alikwenda hatua chache, akajutia kila neno, lakini alipopiga tena simu ya Safa ilikuwa imezimwa. Alijiambia atampigia jioni. Jioni pia ilikuwa imezimwa.

Uzinduzi wa vichanja vya bluu ulifanywa Ogal kwenyewe, siku mbili baadaye. Kampuni ilileta hema, viti vya plastiki na vipaza sauti. Cliff alikuwepo, amevaa fulana ya kampuni, na alipomwona Salme alikuja kumsalimia kwa mikono miwili kana kwamba hawajawahi kupotezana. Salme hakuitika. Alikuwa amemwona mwandishi wa redio, mwanamke kijana aitwaye Sheila, akizunguka na kinasa sauti chake, na alikwenda kwake moja kwa moja.

"Dada, hiki kitu wanachozindua nilikibuni mimi."

Sheila alimtazama vizuri. Hakuwa na dharau usoni. "Una kitu cha kunionyesha, Mama?"

"Iko video. Iko kwenye ukurasa wa binti yangu tangu mwaka juzi. Nasema jina langu humo."

Alimtajia jina la ukurasa. Sheila aliandika, akatafuta, akatelezesha kidole, akatafuta tena. Salme alikuwa amekwisha kuandaa uso wake kwa kuulizwa maswali.

"Mama, hapa hakuna kitu."

"Angalia vizuri. Imeandikwa mamangu ni injinia."

"Nimeangalia. Imefutwa."

Sheila, kwa kumhurumia, aliendelea kutafuta kwingine. Alipata nakala moja tu, kwenye ukurasa wa watu wasiojulikana wanaokusanya video za maajabu. Mwanzo ulikuwa umekatwa, na sauti imebadilishwa kuwa muziki. Kilichobaki ni kichanja, maji ya ndoo, turubai likiteleza, na mikono ya mwanamke ambaye uso wake haumo.

"Hii mikono ni yangu," alisema Salme.

"Nakuamini," alisema Sheila. "Lakini mhariri wangu hatanikubalia kwa mikono."

Aliyekuwa amesimama karibu ni Awuor, naye hakuwa mtu wa kunong'ona. Alipiga kelele mpaka hema lote likageuka: "Ni chake! Sisi wote tuliona! Waulizeni hawa wamama!" Sauti kadhaa zikamuunga mkono. Kwa muda mfupi watu wa kampuni walitazamana. Kisha Cliff akachukua kipaza sauti, akitabasamu kwa upendo wote wa dunia.

"Kweli kabisa. Mama Salme ni mmoja wa akina mama waliotutia moyo sana katika safari hii. Naomba tumpigie makofi."

Wakampigia. Walipiga kwa nguvu, hata wale waliomtetea, hata Awuor, kabla ya kufahamu walichokuwa wakipigia. Makofi yakaisha, na jambo likaisha nayo. Vichanja vikaanza kugawiwa kwa mkopo, majina yakiitwa moja moja. Jina la Awuor lilipoitwa hakuinuka. Alimtazama Salme.

"Nenda," Salme alimwambia. "Mvua hainijui mimi wala Cliff. Nenda ukachukue."

Awuor alikwenda, akitembea kama mtu anayefuata maiti.

Safa alifika nyumbani kesho yake, bila mzigo, macho yamevimba. Hakuingia. Alisimama kibarazani.

"Niliifuta, Mama. Siku ile ile nilipokupigia. Nilidhani nikiifuta itakuwa kama haijawahi kuwepo. Nilitaka kukurudishia."

"Iko kwenye simu?"

"Ile simu iliibiwa kwenye hosteli zamani. Ilikuwa hapo kwenye ukurasa peke yake. Nimewaandikia wenye mtandao, hawajanijibu." Akaanza kulia kwa sauti. "Nani amekwambia unitume mimi chuo, mjinga kama mimi?"

Salme alimvuta ndani, akamkalisha kitandani, akamfuta uso kwa ncha ya mtandio. Alitaka kumwambia kwamba wakili alisema zaidi ya vile, kwamba alisema isifutwe, kwamba yeye mama yake ndiye aliyempa nusu ya maneno na kukata simu. Alimwambia. Alidhani ingempunguzia mtoto mzigo, lakini haikumpunguzia. Sasa walikuwa wawili wenye hatia chini ya paa moja, na Cliff, asiye na hatia kisheria, alikuwa mahali fulani akila chakula chake cha mchana.

Wanyonyi aliiandikia kampuni hata hivyo. Ilijibu kwa adabu sana kwamba haifahamu madai hayo, na kwamba inamtakia Bi. Salme mafanikio. Wakili alimpigia kumsomea jibu hilo. Alimwambia kwamba siku yoyote akibuni kitu kingine, aje ofisini kabla hajamwonyesha hata jirani, na hatamtoza. Salme alimshukuru. Safa alirudi Maseno. Akawa anapiga simu kila jioni na kuuliza kuhusu afya tu, mambo ya ufuoni hayagusi.

Maisha ya Ogal yalisonga. Vichanja vya bluu vilijaa ufuoni na vilifanya kazi yake vizuri, hilo Salme hakuweza kulikana. Wanawake waliweza sasa kwenda kliniki, kanisani, mazishini. Wageni walikuja kuvipiga picha. Yeye aliendelea na kile chake cha zamani chenye kutu, na watoto waliozaliwa juzi walimuuliza mbona hana cha bluu kama wengine.

Msimu wa omena uliofuata, tatizo jipya lilikuwa ndege. Yangeyange walikuwa wameongezeka, wakishuka makundi kwa makundi na kudonoa samaki juu ya wavu. Asubuhi moja Awuor alisimama akiwatupia mawe, akirudi, akitupa tena, mpaka akachoka na kuketi karibu na Salme.

"Min Safa, hawa watatumaliza. Hebu wewe fikiria kitu. Wewe una kichwa cha hivyo."

Salme aliwatazama ndege. Aliona jinsi wanavyotua, daima upepo ukiwa usoni mwao, daima kwenye ukingo wa kichanja kwanza, kamwe si katikati. Akili yake iliinuka yenyewe, kama ilivyoinuka siku ile akikoroga chai. Ukingo. Wanahitaji ukingo wa kusimamia. Aliona kamba mbili na kitu chepesi kinachozunguka, akaona vitakavyoshikana, akaona hata kosa litakalotokea mwanzoni na namna ya kulirekebisha.

"Umepata?" Awuor aliuliza.

"Sijapata kitu," alisema Salme, akainama kugeuza omena zake.